Kusubiri Macho

Viziwi hawampi mtu jina kwa kusoma cheti chake cha kuzaliwa. Humtazama, huchagua kinachoonekana, na jina limepatikana. Mkalimani wetu huyu, kwa lugha ya alama, jina lake ni kidole kimoja kupitishwa polepole chini ya jicho. Maana yake ni ile mifuko iliyo chini ya macho yake. Alipewa akiwa na miaka ishirini na miwili, msichana mbichi aliyekuwa amekosa usingizi kwa ajili ya mtihani mmoja tu. Sasa ana miaka arobaini na minane, na jina limemkaa sawasawa.

Wanaosikia humwita dada mkalimani, au yule wa mikono. Wengi hawamwiti kitu chochote, humtazama tu na kusema, "Mwambie." Mwambie akae. Mwambie asaini. Siku moja, kwa uchovu na kwa ukorofi kidogo, alimtafsiria afisa mmoja neno kwa neno, "Mwambie akae," na yule kiziwi akaanza kugeuka huku na huku akimtafuta huyo wa kuambiwa. Afisa hakucheka. Mkalimani alicheka peke yake, kwenye ngazi, akishuka.

Watu hudhani kazi yake ni kupunga mikono. Laiti ingekuwa hivyo! Kazi yake ni kukaa katikati ya watu wawili, kila mmoja akijua alichosema na hakuna anayejua mwenzake amebaki na nini. Hapo katikati ndipo kilipo kiti chake, siku zote cha plastiki, ubavuni mwa daktari au mwalimu mkuu, ili kiziwi aone uso wa msemaji na mikono ya mkalimani kwa mtazamo mmoja. Kwa utaratibu wa kazi hii wakalimani huwa wawili. Mmoja akitafsiri dakika ishirini, mwenzake anampokea. Si uvivu. Baada ya nusu saa mikono huendelea kwenda yenyewe huku kichwa kimebaki nyuma, na mwenye kichwa huwa wa mwisho kujua.

Mwenzake alikuwa likizo ya uzazi tangu mwezi uliopita. Ofisi iliulizwa nani atashika nafasi yake, ikajibu kwamba inalifanyia kazi. Maneno hayo, "tunalifanyia kazi," mkalimani ameyatafsiri mara nyingi mno maishani mwake, na ana alama yake mwenyewe kwa ajili ya hayo, ambayo si ya kuonyeshwa mbele ya wakubwa.

Basi Jumatano hiyo alianza na kikao cha wafanyakazi kiwandani, saa tatu nzima bila kupokewa. Akaenda shuleni, ambako mzazi kiziwi alikuwa akigombana na mwalimu mkuu, na ugomvi una mikono mingi kuliko mazungumzo. Alipofika kliniki ya macho hospitalini saa tisa alasiri, mabega yalikuwa yanawaka moto na kesho yake ilikuwa siku yake ya mapumziko, ya kwanza baada ya siku ishirini na tatu. Alikuwa ameshabadilisha mashuka kitandani kwa ajili ya siku hiyo. Alikuwa akiifikiria kama mtoto anavyoifikiria sikukuu.

Mgonjwa alikuwa fundi viatu, kiziwi tangu utotoni, mtu wa miaka hamsini na kitu, upara unang'aa na vidole vimeingia gundi isiyotoka tena. Mkalimani alikuwa amemsemea kwa miaka kumi na tisa, kwenye mambo ya leseni, ya wanawe, ya mazishi ya kaka yake. Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. La kushoto lilikuwa karibu kufunga kabisa. La kulia liliona mikono ya mtu aliyekaa karibu, na hata hiyo kama iliyo nyuma ya pazia. Walipokuwa wanasubiri kwenye benchi la koridoni alimwambia, "Macho haya yakiisha, nani ataongea na mimi? Mke wangu naye kiziwi. Tutabaki tunapapasana?" Akacheka ili na yeye acheke. Mkalimani akajilazimisha.

Daktari wa macho hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu, na nje ya mlango wake watu thelathini walikuwa wanasubiri. Chumba kilikuwa kidogo, kina bango la herufi ukutani na feni inayolalamika. Alieleza vizuri mwanzoni, akimtazama mgonjwa wake kama inavyotakiwa. Kesho saa mbili asubuhi atapasuliwa jicho la kushoto, na likipona watafanya la kulia. Kisha akatoa kwenye droo ya meza picha kubwa ya jicho lililokatwa katikati, yenye rangi, akamwekea fundi mapajani, na akaendelea kuongea.

Hapo ndipo ilipotokea. Mtu anayesikia anaweza kutazama picha na kusikiliza kwa wakati mmoja. Kiziwi hawezi. Ukimpa karatasi, umemfunga masikio. Kila mkalimani anajua kwamba hapo huinua kiganja na kusema, "Dokta, naomba usubiri kidogo, anaangalia." Ni jambo la kwanza kufundishwa, na yeye mwenyewe aliwahi kuwafundisha wengine. Fundi, mtu ambaye maisha yake yote ni matabaka ya soli na ngozi, aliinama juu ya ile picha pua ikikaribia kugusa, akifuata tabaka kwa tabaka kwa kidole. Daktari akaendelea. Na mikono ya mkalimani ikaendelea naye, safi kabisa, bila kukosea hata alama moja.

"Hatutamlaza usingizi," daktari alisema. "Tutachoma ganzi ya jicho tu. Uso wote tutaufunika kwa shuka, litabaki tundu dogo la hilo jicho. Asitikise kichwa hata kidogo, maana tutakuwa na kisu ndani. Ni kama nusu saa hivi."

Fundi aliinua kichwa, akawaona wote wawili wanamtazama, akaitikia kwa kichwa kwa adabu. Akauliza kama anaweza kubaki na ile picha. Daktari akasema aichukue. Akawekewa fomu ya ridhaa, akaonyeshwa mstari, akasaini.

Jioni, jua bado halijazama, mkalimani alikuwa amejitupa kwenye kiti cha jikoni kwao, viatu mguuni. Anaishi na mama yake, naye kiziwi, mshonaji aliyestaafu. Mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo na kumuuliza habari za siku kwa mkono mmoja. Mkalimani akaanza kumjibu kwa mikono ya uvivu, nusu alama, vidole havinyooki. Mchana kutwa mikono yake huwasemea watu wengine, na mama ndiye anayepata masalia. Jambo hilo linamuuma, ila hajapata dawa yake.

Mama akapiga mguu sakafuni, mtetemo ukapanda hadi kwenye kiti.

"Unaongea na nani? Na ungo?"

Kweli mama alikuwa ameinamia mchele muda wote huo.

"Mimi nilikufundisha nini?" mama akauliza.

Alimfundisha kusubiri macho. Akiwa mtoto wa miaka mitatu, minne, akianza kuropoka kwa mikono huku mama anatazama cherehani, mama hakujibu chochote. Na mama akiwa na neno la kumwambia, alimshika kidevu kwanza, akakiinua, akangoja mpaka macho yake yatulie, ndipo akaanza. Wanaosikia hutupa neno hewani na neno likaingia lenyewe, hata kwa mtu aliyegeuka. Kwao nyumbani neno lisilotazamwa lilikuwa halijasemwa.

Mkalimani akaduwaa, mikono hewani. Akarudisha mawazo nyuma hadi kliniki. Picha mapajani. Upara umeinama. Ganzi, shuka, tundu, usitikisike. Fundi aliinua uso saa ngapi? Aliinua daktari aliponyamaza. Yote, tangu neno la kwanza hadi la mwisho, yalikuwa yameanguka juu ya utosi wake.

Kesho saa mbili yule mtu atalazwa kitandani akidhani anakwenda kulala usingizi. Atafunikwa uso, macho yake yote mawili, yaani masikio yake yote mawili. Hatajua kwa nini. Hatakuwa na njia ya kuuliza wala ya kuambiwa. Na mtu atamwingiza kisu jichoni.

Alitafuta njia ya kujiokoa, nani asingetafuta? Labda fundi aliona kwa pembeni. Kwa jicho lipi? Labda muuguzi atamweleza. Kwa lugha gani? Labda amtumie ujumbe. Simu ya fundi ni ya kubonyeza, maandishi yake madogo, na tangu mwaka jana haoni hata namba. Nyumbani kwake hapajui, anajua kibanda chake tu, na kibanda kimefungwa. Kwa siku ya upasuaji wenyewe hospitali haikuomba mkalimani, kwa sababu, walisema, mtu anayepasuliwa ataongea nini?

"Kuna nini?" mama aliuliza, safari hii kwa mikono miwili.

Mambo ya wateja hayasimuliwi nyumbani. Akajibu tu, "Leo nimeongea na kisogo cha mtu. Jambo zito."

Mama akauweka ungo pembeni. "Basi kesho kamtafute uso."

"Kesho ni siku yangu, mama. Nimechoka. Nimechoka mpaka mifupa."

"Naona," mama akasema, akapitisha kidole chini ya jicho, na mkalimani akalia kidogo, si kwa huzuni sana, kwa hasira ya mtu anayejua kwamba ataamka alfajiri.

Alifika hospitali saa moja na robo. Sista wa mlangoni akapitisha kidole kwenye orodha.

"Dada, leo jina lako halipo hapa."

"Najua, sista. Nakuomba nimwone daktari kabla hajaingia ndani. Dakika mbili."

Daktari alikuwa anaosha mikono, kofia ya kitambaa kichwani. Alimsikiliza akiwa amempa mgongo, kisha akageuka, maji yakimchuruzika viwikoni.

"Lakini jana ulimweleza. Mimi mwenyewe nilikuona."

"Uliona mikono yangu, Dokta. Yeye hakuiona. Alikuwa anaangalia ile picha, na mimi nilitakiwa nikusimamishe. Sikukusimamisha. Kosa ni langu."

Kuna maneno mepesi kumtafsiria mtu mwingine na mazito kuyasema mwenyewe. Miaka ishirini na sita alikuwa amesema "kosa ni langu" kwa niaba ya madereva, wanafunzi na waume za watu. Kwa niaba yake mwenyewe, mbele ya mkubwa, hakukumbuka mara ya mwisho.

"Amesaini," daktari akasema.

"Amesaini asichokijua."

"Na akiambiwa sasa akakataa?"

"Basi atakuwa amekataa akijua."

Daktari akatazama saa ya ukutani. Alionekana mtu aliyetamani sana kukasirika na hajapata wa kumkasirikia. "Dakika kumi," akasema, akaja naye.

Fundi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, gauni la hospitali limefungwa vibaya mgongoni, ile picha ya jicho imekunjwa mkononi. Mkalimani akavuta kiti karibu kabisa, upande wa jicho la kulia, akaweka mikono mapajani, akasubiri. Fundi alimtazama, akamtambua, akapitisha kidole chini ya jicho kwa mshangao.

"Leo si ulisema unalala?"

"Nimekuja kwa sababu jana nilikosa. Daktari alisema jambo, mimi nikalisema, na wewe ulikuwa unaangalia picha. Sikusubiri macho yako. Sasa nalisema upya."

Akalisema upya, kipande kwa kipande, kila kipande akingoja. Alipofika kwenye shuka, fundi alimshika mikono yote miwili, akaizuia. Kwa viziwi hiyo ni sawa na kumziba mtu mdomo. Kisha akaiachia.

"Sitakuwa nimelala?"

"Hutakuwa umelala."

"Wangenifunika uso, mimi ningejua nakufa. Ningeruka, haki ya Mungu. Ningeruka na kisu chao humo humo."

Mkalimani akayatoa kwa sauti, kama alivyoyasema. "Ningeruka, Dokta, na kisu chako humo humo." Daktari, aliyekuwa amesimama, akakaa kwenye kitanda cha jirani.

Fundi hakuwa amemaliza. Alimgeukia mkalimani, na mikono yake ikawa midogo na mikali.

"Miaka kumi na tisa unanisemea. Mara ngapi umeongea na upara wangu?"

Kwa kanuni ya kazi hii, linalosemwa mbele ya watu watatu husikiwa na wote watatu. Hakuna la kumeza, hata likiwa lako. Mkalimani akajisuta kwa sauti yake mwenyewe, neno kwa neno, daktari akisikia: "Miaka kumi na tisa unanisemea. Mara ngapi umeongea na upara wangu?" Kisha akajibu kwa mikono na kwa mdomo pamoja.

"Sijui."

Fundi alimtazama kwa jicho lake lenye ukungu, muda mrefu, na yeye hakuondoa uso wake. Aibu ilimwenea hadi masikioni. Alifikiri, basi imekwisha, hatanitaka tena, na ana haki.

Aliyesema alikuwa daktari. Alianza, "Mwambie kwamba..." akasita, akajisogeza mbele mpaka fundi akamwona, na akaanza upya. "Na mimi nilikuona umeinama. Nilikuona kabisa, nikaendelea kuongea. Nilikuwa na haraka. Nisamehe."

Fundi alisoma mikono, akamtazama daktari, akarudi kwenye mikono kama anayetaka kuhakikisha kwamba mkalimani hajaongeza chumvi. Kisha akauliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa jana. "Nikiwa chini ya hilo shuka, nani ataniambia kinachoendelea?"

Jibu akalitoa fundi mwenyewe. Siku nzima anafanya kazi na nyundo, alisema, na hasikii hata pigo moja, ila yote huyapata kwa goti lake. Mpigeni mkononi. Wakakubaliana: pigo moja kiganjani, tulia, usitikisike. Mawili, mambo yanakwenda vizuri. Matatu, tumemaliza. Na yeye akikunja ngumi na kuinua, kila kitu kisimame. Daktari akajaribu kwenye kiganja cha fundi, kwa ncha za vidole.

"Huyu anabisha hodi kwa wakwe," fundi akasema. "Mwambie agonge kama mwanamume."

Mkalimani akalitoa. Daktari akacheka, akagonga tena, fundi akaridhika. Kisha mkalimani akamwomba fundi aeleze yote yeye mwenyewe tangu mwanzo, ganzi, shuka, tundu, mapigo. Akaeleza, akakosea mahali pamoja. Alidhani ile nusu saa ni muda wa kungoja, si wa kupasuliwa. Daktari akamsahihisha akimtazama usoni, akingoja. Zilikuwa zimepita dakika ishirini na tano na hakuna aliyetazama saa.

Ndani ya chumba cha upasuaji walimvika mkalimani gauni la kijani, wakampa kigoda kando ya mkono wa fundi. Daktari alisema "moja," mkalimani akagonga moja. Daktari alisema "mbili," mkalimani akagonga mawili. Safari moja ngumi ilipanda, na daktari akainua mikono yake juu, akangoja. Pigo moja. Jingine moja. Ngumi ikafunguka kidole baada ya kidole. Walipofika matatu, gauni la mkalimani lilikuwa limemgandia mgongoni kwa jasho.

Wakampeleka fundi kwenye chumba cha kupumzikia, kitambaa kinene juu ya jicho la kushoto. Mkalimani akakaa kwenye kiti kando ya kitanda, kiti cha plastiki, kama kawaida. Akaegemeza kichwa ukutani, dakika moja tu, alijiambia.

Alipofumbua macho, hakujua umepita muda gani. Daktari alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda, anafungua mdomo aseme. Fundi akainua kiganja kumzuia. Akamwonyesha mkalimani kwa kidevu, akaweka shavu juu ya viganja viwili, alama ambayo hata asiyejua lugha anaielewa. Amelala. Huyu hana macho sasa hivi. Subiri.

Ilimpasa ainuke. Ndiyo kazi yake. Mdomo umefunguka, mikono iende. Alihisi kabisa vidole vyake vikitaka kuanza, vyenyewe, kama jana.

Daktari alifunga mdomo. Akavuta kigoda, akakaa, akangoja mpaka jicho la kulia la fundi limtulie usoni. Halafu akakichukua kile kiganja chenye gundi, akagonga, mara mbili, kwa nguvu. Fundi akafikiri kidogo. Akakigeuza kiganja cha daktari juu, naye akagonga mara mbili.

Mkalimani aliona yote kwa upenyo wa kope. Kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kuona mazungumzo ya kiziwi na anayesikia yakipita mbele yake bila kupitia kwake, na alingoja ajisikie vibaya. Hakujisikia vibaya. Alijisikia mwepesi, na amechoka sana. Akafumba macho, akalala.